Nairobi Inakunywa kwa Deni

Maji yalipotea Jumanne kwenye ploti yetu huku Pipeline. Kufikia Alhamisi mtungi wa lita 20 ulikuwa umetoka shilingi 10 ukafika 50, na jamaa wa mkokoteni hakuwa hata na haya usoni. Nilinunua miwili. Nikaipandisha hadi orofa ya sita, mkono mmoja mmoja, nikipumzika kila ngazi kama mzee wa sabini. Ukipiga hesabu, lita 1,000 kwa bei hiyo ni shilingi 2,500. Mtu wa Lavington mwenye bomba lake halipi hata robo ya hiyo kwa lita hizo hizo, na yeye ana nyasi za kumwagilia.

Jioni ya siku hiyo hiyo mjomba akanipigia kutoka Gatanga. Huniita maitu, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua kuna jambo la pesa. Dalali wa miti alikuwa amekuja. Anataka mikaratusi yote, ikiwa imesimama, kuanzia juu barabarani mpaka chini kwenye kijito. Minene ataiuza iwe nguzo za stima, iliyobaki iende kuni za kiwanda cha majani chai. Pesa taslimu. Kitinda mimba wake ameitwa chuo na karo haijapatikana. Akitoa miti, atalima viazi na nduma mpaka ukingoni mwa maji.

Mimi, mtoto wa mjini niliyesoma, nikafungua mdomo. Nikamwambia asiuze. Nikamweleza habari ya mmomonyoko, nikamweleza habari ya chemchemi, nikamwambia kwamba sheria inataka ukingo wa mto uachwe, kuanzia mita 6 mpaka 30. Akanisikiliza mpaka mwisho, manake ni mtu wa adabu. Kisha akauliza: "Sawa, maitu. Utanilipa wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mitungi miwili ya maji sakafuni, na maji hayo, kabla ya kuuzwa kwa mkokoteni, kabla ya bomba, kabla ya tangi la Gigiri na mitambo ya Ng'ethu, yalipita chini ya shamba lake.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na nitaisema bila kuzunguka. Nairobi inakunywa mlima ambao haijaulipia. Kwa miaka mingi tumewaambia watu wa Nyandarua na Murang'a wapande miti, watunze mito, wasikate, wasilime ukingoni, na tumewaambia hayo kana kwamba ni suala la tabia njema. Ni suala la deni. Kama jiji hili linataka miteremko ile ibaki na miti, liinunue. Ama linunue haki ya kuzuia isikatwe. Lilipe bei ya soko, kwa mtu anayetaka kuuza, na ardhi iwe msitu wa umma ambao hakuna mwanasiasa atakayeweza kuugusa. Nikisema hivi huwa naambiwa naota. Basi tuangalie kwanza jinsi mambo yalivyo, halafu tuone nani anaota.

Bwawa la Ndakaini lilijengwa kati ya 1989 na 1994 kwenye mto Thika, pale juu Gatanga. Linabeba mita milioni 70 za ujazo na ndilo hulisha sehemu kubwa mno ya Nairobi. Takwimu inayotajwa kila mara ni asilimia 85. Sasumua, upande wa Njabini, ni la miaka ya hamsini. Hayo mawili hayakutosha, kwa hiyo ikachimbwa njia ya chini kwa chini ya kilomita 11.8 inayochota Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta maji yake upande wa Ndakaini, ili jiji lipate lita milioni 140 zaidi kwa siku. Mito yote hiyo inatoka mahali pamoja: milima ya Nyandarua, ile ramani za mkoloni ziliyoiita Aberdare. Fikiria jinsi jiji zima, na ofisi zake na majumba yake ya vioo, linavyoning'inia kwenye mteremko mmoja.

Sasa huo mteremko ni wa nani? Juu kabisa kuna mbuga ya taifa, ya tangu 1950, na msitu wa serikali unaoizunguka. Kuna ua wa stima wa karibu kilomita 400 uliokamilika 2009. Chini ya hapo kuna mkanda wa majani chai ya Nyayo, uliowekwa 1986 ili watu na msitu wasigusane. Na chini ya chai ndipo tunapoanza sisi: vishamba vya ekari moja, ekari mbili, ekari mbili u nusu kama cha mjomba, vyenye hati, vyenye mikaratusi na migrevilea, vinavyoshuka wima mpaka kwenye vijito. Watu hufikiri chanzo cha maji ni ule msitu wa juu tu. Lakini mvua ikinyesha, tope halitoki kwenye mianzi ya mbugani. Linatoka kwenye viazi vilivyolimwa kuelekea chini bila matuta, kwenye barabara za udongo, kwenye shamba lililovunwa miti yote mwezi jana. Tope hilo huingia bwawani likalala chini na kula nafasi ya maji. Likifika Ng'ethu linataka shabu zaidi, umeme zaidi, na siku nyingine mitambo hupunguzwa kasi kabisa. Nani hulipa? Mimi, orofa ya sita, kwa bei ya mkokoteni.

Na mikaratusi yenyewe, tusidanganyane, si malaika. Inakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka kiangazini. Mwaka wa 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru ing'olewe kwenye kingo za mito na maeneo ya chemichemi. Wazee wa kijijini walicheka, maana miti hiyo hiyo ndiyo maafisa walikuwa wamewahimiza kuipanda. Panda, ng'oa, panda, na kila mara gharama ni ya mwenye shamba. Kwa hiyo sisemi mjomba aitunze mikaratusi yake milele. Jambo bora kwa mto lingekuwa aitoe pole pole, safu kwa safu, huku miti ya kienyeji ikishika, na ukingoni ziote nyasi na mianzi. Kazi hiyo ni ya miaka 10 au 15. Katika miaka hiyo shamba halimpi kitu. Dalali anampa pesa Jumamosi.

Ndiyo maana nachoka na mabango ya kuhimiza watu wapende miti. Mjomba anapenda miti kuliko yeyote niliyewahi kukutana naye katika kongamano la mazingira kwenye hoteli ya Westlands. Anaijua mmoja mmoja. Kosa lake ni kuwa na mtoto aliyefaulu mtihani.

New York iliwahi kukutana na swali hili hili, na jibu lake ndilo nataka tulipige darubini, pamoja na madoa yake.

Maji ya New York hutoka milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, mengine kutoka umbali wa kilomita 200, na hushuka kwa mteremko tu. Mwaka wa 1989 serikali ya taifa ilitoa kanuni mpya: kila jiji linalotumia maji ya mito na mabwawa lijenge mitambo ya kuyachuja, isipokuwa liweze kuthibitisha kwamba chanzo chake kinalindwa. Mitambo hiyo ingegharimu mabilioni ya dola. Hesabu iliyokuwa ikitajwa ni dola bilioni 6 ama zaidi, na mamia ya mamilioni kila mwaka ya kuiendesha. Jiji likakaa chini likapiga hesabu. Mwezi wa Januari 1997 likatia saini mkataba na jimbo, na miji midogo ya milimani, na mashirika ya mazingira: litatumia takriban dola bilioni 1.5 juu mlimani badala yake. Litanunua ardhi yenye misitu kutoka kwa anayetaka kuuza, kwa bei ya soko, bila kumlazimisha mtu. Asiyetaka kuuza ardhi angeweza kuuza haki tu: shamba linabaki lake na la watoto wake, ila anaahidi kwa hati kwamba halitakatwakatwa viwanja wala kufyekwa. Litawasaidia wakulima kuzuia samadi isiingie mtoni, litarekebisha mashimo ya maji taka ya nyumba za watu. Na sehemu inayonifurahisha zaidi: jiji hulipa kodi ya ardhi kwa vile vimiji vya mlimani kwa kila ekari linayomiliki, kama mwenye shamba mwingine yeyote. Tangu hapo limepata zaidi ya ekari 100,000 kwa njia hizo. Na watu wapatao milioni 9 bado wanakunywa maji ambayo mengi yake hayajapita kwenye mitambo ya kuchuja.

Hawakufanya hivyo kwa sababu ni watu wema. Walifanya kwa sababu msitu ulikuwa rahisi kuliko saruji. Mimi napenda sababu za namna hiyo. Wema huisha bajeti inapobanwa, hesabu hukaa.

Wala si jambo geni la juzi. Mwaka wa 1911 Marekani ilipitisha sheria iliyoiruhusu serikali kununua milima ya watu binafsi kwenye vyanzo vya mito, maana kampuni za mbao zilikuwa zimeikwangua milima ya mashariki mpaka mito ikawa inafurika na kukauka kwa zamu. Muuzaji mashuhuri kuliko wote alikuwa mjane, Edith Vanderbilt wa North Carolina. Mumewe alifariki 1914, na mwaka huo huo akauza karibu ekari 86,700 za msitu wa mlimani kwa dola 5 kwa ekari. Leo ndiyo kiini cha msitu wa taifa wa Pisgah. Najua, najua: Vanderbilt hakuwa na karo ya chuo ya kutafuta. Tajiri anaweza kuuza kwa bei ya hasara na kuitwa mfadhili. Mimi simwombi mjomba awe mfadhili. Ameshakuwa mfadhili wa Nairobi miaka 30, bila cheti.

Sasa madoa. Kabla ya kununua kwa adabu, New York ilinyang'anya. Bwawa la Ashokan, lililojengwa kuanzia 1907, lilifunika vijiji. Karibu watu 2,000 waliondolewa kwa nguvu ya sheria, na maiti zao zikafukuliwa kwa maelfu zikahamishwa. Wajukuu wao hawajasahau. Hata leo wako watu wa Catskill wanaolalamika kwamba jiji limenunua mpaka kijana wa pale hapati kiwanja cha kujenga. Nalitaja hili kwa sababu kule Ndakaini hadithi hii haihitaji kufasiriwa. Watu walihamishwa kupisha bwawa. Na malalamiko ambayo yamesikika pale tangu nikiwa mtoto ni kwamba mtu anaweza kukaa kando ya maji yote yale, akayaona asubuhi yakimetameta, kisha akateremka na jerikeni kuchota mtoni.

Kwa hiyo watu wa mlimani wanaposema Nairobi ni mwizi, hawatii chumvi sana. Gavana wa kwanza wa Murang'a, Mwangi wa Iria, alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji. Nairobi ikacheka. Muswada wa kugawana faida za maliasili umekuwa ukizunguka bungeni tangu 2014, unaingia Seneti, unatoka, unarudi na mwaka mpya kwenye jalada. Lakini hata dai la gavana mimi lilinitia wasiwasi. Asilimia 25 iende wapi? Iende kaunti, ikanunue magari meupe. Haingeshuka mpaka kwa mtu mwenye kijito shambani. Deni ni la mwenye mteremko, na ndiye anayestahili kulipwa.

Haki itendeke, kuna waliojaribu. Mwaka wa 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika. Hesabu yake ya kuanzia ilisema dola milioni 10 zikiwekwa mlimani zitaleta faida ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30. Umewasaidia wakulima wengi kuchimba matuta, kupanda nyasi za kuzuia udongo, kutega maji ya mvua. Ni kazi nzuri na sitaidharau. Lakini umeegemea wafadhili, mashirika na kampuni zenye nia njema, na nia njema inaweza kuhama ofisi. Tena matuta ni ya yule anayeendelea kulima. Anayetaka kuuza miti kesho, mfuko wa matuta hauna la kumwambia. Ipo pia ada ya kuchota maji mtoni, inayolipwa kwa mamlaka ya taifa ya rasilimali za maji. Mjomba hajawahi kuiona hata kwa ndoto.

Nasikia ukisema: Nairobi haina pesa. Haya, tupige hesabu ya kibanda. Jiji hupata zaidi ya lita milioni 500 kwa siku. Karibu nusu hupotea njiani, kwa mabomba mabovu na mabomba ya wizi; hilo ni jambo la aibu, na ndiyo, lirekebishwe, wala sioni kwa nini tusubiri liishe ndipo tuanze hili. Chukua nusu inayobaki, yenye bili. Ongeza shilingi 5 kwa kila lita 1,000. Kwa mtungi mmoja hiyo ni senti 10. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi milioni 450. Ukitaka uwasamehe kabisa wanaotumia kidogo na uwaongezee wenye mabwawa ya kuogelea, mimi nitakupigia makofi. Ila iandikwe kwenye bili kwa jina lake, mlima, mtu aione, aulize imeenda wapi. Sisi wa ploti tayari tunalipa kodi ya mlima kila maji yakipotea, tofauti ni kwamba tunamlipa mkokoteni.

Sheria nayo ipo. Watu wengi hawajui kwamba sheria kuu ya mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi ya mtu iwekewe sharti la kulinda mazingira, kwa amri ya mahakama, na mwenye ardhi alipwe fidia kwa sharti hilo. Imekaa vitabuni miaka yote hii, haijazaa chochote cha maana mlimani kwetu. Katiba nayo, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti asilimia 10 ya nchi. Tumeahidiwa miche bilioni 15 kufikia 2032. Bilioni 15! Na hakuna hata mmoja aliyekuja kumuuliza mjomba ile iliyosimama tayari inauzwa bei gani.

Lakini kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulifagia chini ya mkeka, na ndilo alilonipa mjomba mwenyewe nilipompigia tena. Nilimweleza habari ya New York yote, vizuri, na mifano. Akasema: "Hiyo ni nzuri. Lakini nikiuzia umma, huo umma ni nani? Si ni wale wale?"

Ana haki. Katika nchi hii ardhi ya umma ndiyo ardhi iliyo hatarini kuliko zote. Ya mtu binafsi angalau ina mtu anayelala nayo na panga. Karura ulikuwa msitu wa umma wakati vipande vyake vilipogawiwa watu binafsi miaka ya tisini, na ilibidi Wangari Maathai apigwe damu itoke, Januari 1999, kwenye lango lake, ndipo nchi iamke. Mwaka wa 2001 serikali ilitangaza kuondoa karibu hekta 67,000 za misitu kwenye orodha ya hifadhi. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilijaza kurasa na kurasa za ardhi ya umma iliyoliwa. Usiseme ni mambo ya zamani. Mwaka wa 2021 uliletwa muswada wa kulegeza ulinzi wa mipaka ya misitu, ukakwama kwa sababu watu walipiga kelele. Mwaka wa 2023 marufuku ya kukata miti iliyowekwa 2018 ikaondolewa kwa tamko la Rais siku ya ibada, kisha kesi zikafuata mahakamani. Na kuna ile barabara ya Ihithe kwenda Ndunyu Njeru inayotaka kupasua mbuga yenyewe, pale pale juu ya vyanzo, huku wakitwambia ni maendeleo.

Tena kwa Mkikuyu wa ukingoni mwa msitu neno hifadhi lina kumbukumbu yake. Mkoloni alichora mstari, akasema kuanzia hapa ni mali ya Taji, na aliyekuwa akichunga hapo jana akawa mhalifu leo. Ukimwambia mzee auze shamba liwe msitu wa serikali, anasikia ule mstari ukishuka tena mlimani.

Kwa hiyo sisemi tuuzie serikali tu kisha tuombe Mungu. Ununuzi bila minyororo ni kumnenepesha fisi. Tazama tena walichofanya watu wa jimbo la New York, si jiji sasa, jimbo lenyewe, karne moja kabla ya ule mkataba. Walikuwa na misitu ya umma Catskill na Adirondack tangu 1885, na maafisa wao walikuwa wakiiuza kwa marafiki wa mbao, kama kwetu, hakuna tofauti. Walipoandika upya katiba yao 1894 wakaingiza kifungu: misitu hiyo itabaki pori daima, haitauzwa, haitakodishwa, wala miti yake haitakatwa. Kukibadilisha lazima mabunge mawili mfululizo yakubali, kisha wananchi wapige kura. Wameshaombwa mara nyingi na wamekataa mara nyingi. Hawakuwaamini viongozi wao, wakaiandika ile shaka ndani ya katiba.

Shaka ndiyo mali tuliyo nayo kwa wingi kuliko nchi yoyote ninayoijua. Tuitumie. Ardhi itakayonunuliwa na maji ya Nairobi isiwe na hati yenye jina la jiji wala la kaunti. Ipelekwe moja kwa moja kwenye msitu wa chanzo cha maji, na kifungu kwamba haiondoki humo bila Bunge na kura ya wananchi wa kaunti zote zinazokunywa na zinazotiririsha. Orodha ya kila kipande, ukubwa wake, bei yake, na aliyelipwa, ibandikwe hadharani kila mwaka. Dalali mwenye shangazi wizarani tutamwona. Asiyetaka kuhama, na wengi hawatataka, auze haki ya kufyeka tu, abaki na nyumba yake na chai yake na makaburi ya wazee wake, alipwe kila mwaka kama mtu mwenye nyumba ya kupangisha. Na yule kijana wa Gatanga ambaye angelima ardhi hiyo aandikwe kazi ya kuitunza, kwa mshahara. Si kwa fulana na soda siku ya kupanda miti.

Nilimwambia mjomba hayo yote. Kicheko chake kilikuwa kirefu, si cha ubaya. Akasema kama kungekuwa na ofisi hata moja ya kuingia na kusema nimekuja kuuzia jiji mteremko wangu, angepanda matatu asubuhi ya kesho, hata kwa bei ya chini kuliko ya dalali, maana ile miti ya ukingoni aliipanda na babake na hataki kuuona mto umekuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Akaniuliza ofisi hiyo iko wapi, jengo gani, orofa ya ngapi.

Maji yamerudi Ijumaa usiku, ya kahawia kidogo. Nimejaza kila kitu, hadi sufuria. Mjomba ameshauza nusu ya juu, ile ya upande wa barabara, na karo imelipwa. Nusu ya chini, ya ukingoni, dalali ameiwekea alama ya rangi nyeupe kwenye mashina na atarudi mvua ikipungua. Nimemwomba mjomba asubiri. Amekubali, ila ameniuliza mpaka lini.